Salamu Maria Ngapi kwa Nyota Moja

Kibondo, 2 Juni 2013

Mwalimu Lusajo,

Mwakeye huko Kasulu. Mimi mzima na studio nzima. Kama kuna mtu amekwambia kwamba Tharsisi amekwisha tangu serikali ikuhamishe, mwambie aje achukue picha yake ya pasipoti, ile aliyopigwa amefumba macho.

Simu ninazo mbili na zote zina salio, kwa hiyo usidhani naandika kwa ushamba. Naandika kwa sababu filamu haipiti kwenye simu. Halafu hili jambo nikilisema kwa mdomo sauti itanikatika, na mtu aliyefika Bujumbura, Tabora na Dar es Salaam kwa miguu yake mwenyewe hakatiki sauti hewani.

Unamkumbuka mke wangu Theodosia, umekula ugali wake wa muhogo miaka minne. Mwezi uliopita nilimpeleka hospitali ya Kabanga, kulikuwa na daktari wa macho amekuja. Alikuwa ameanza kukanyaga masufuria na kugonga milango ya nyumba yake mwenyewe. Daktari akasema ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Gizani macho yake hayaoni kabisa, na mchana yanajifunga kutoka pembeni kuja katikati, kama mtu anayechungulia kwenye mrija wa mwanzi. Mrija utazidi kuwa mwembamba. Dawa hakuna, miwani haisaidii. Mwaka mmoja, labda miwili.

Daktari akamuuliza, mama, usiku nyota unaziona? Akajibu, mimi nimekaa pembeni nimeshika kofia: "Sijawahi. Nilidhani watu wanasema tu, kama wanavyosema malaika."

Mwalimu, nimeoa miaka kumi na tisa. Wakati namchumbia nilisimama naye nje kwa baba yake nikimwonyesha nyota kama bwana ardhi anayegawa viwanja. Ile pale, na ile, na ile kubwa ni yako. Yeye anaitikia kila moja. Tulipokuwa njiani kurudi Kibondo nikamuuliza kwa nini alinidanganya. Akasema nilikuwa nafurahi sana, hakutaka kunikatiza.

Sasa nataka apate picha ya nyota, kubwa, aitazame mchana kabla mrija haujaziba. Kamera yangu ya dijito hufungua jicho sekunde nane kisha inajifunga yenyewe kama karani aliyeona saa ya chakula. Lakini ile kamera ya filamu, Zeniti kuukuu niliyonunua kwa Anaclet, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, ina herufi B, ukibonyeza inabaki wazi mpaka uchoke wewe. Wewe unalo lile kopo la filamu, unayo dawa ya kusafishia na mashine ya kukuzia picha kwenye stoo ya maabara. Niambie tu jicho likae wazi muda gani. Kazi yenyewe ni ndogo kwangu. Nimeshapiga picha maofisa wa wilaya wakacheka, nyota zitanishinda nini?

Wako,
Tharsisi, Fundi Picha wa Kimataifa


Kasulu, 11 Juni 2013

Ndugu Tharsisi,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa Gharibu, kondakta wa basi. Kwa mkono huohuo nakutumia vipande vitatu vya filamu, kila kimoja picha sita. Nilivikata gizani, usivifungue kwenye mwanga.

Maelekezo ni haya. Pete ya lenzi iweke namba mbili, tundu liwe wazi kabisa. Acha mwanga uingie sekunde kumi na tano, zisizidi ishirini. Dunia inazunguka, ukizidisha, nyota zitavutika ziwe mistari badala ya nukta, na picha itakuwa imeharibika. Chagua usiku usio na mwezi, tarehe 8 Julai ni nzuri. Kamera isitikisike hata kidogo. Ukimaliza kipande unirudishie, nitakisafisha mwenyewe. Dawa ninayo, nzuri kabisa, ondoa wasiwasi.

Kuhusu shemeji sikujua niandike nini, kwa hiyo nimeandika kuhusu sekunde.

Lusajo Mwakalinga


Kibondo, 10 Julai 2013

Mwalimu,

Kazi imekwisha, pokea. Nilisimamisha miti mitatu ya mkaratusi, nikaifunga kamera juu yake kwa mpira wa baiskeli, haikutikisika, hata ng'ombe angepita. Mbingu ilikuwa imejaa mpaka inatisha. Nimelenga juu ya bati la nyumba yetu ili ajue ni kwake, si mbingu ya watu wengine.

Sekunde kumi na tano kila moja, wala usiulize. Nilikuwa namulika saa yangu kwa tochi kila mara ili nisikosee hata sekunde moja. Mimi si mtu wa kubahatisha. Theodosia nimemwambia aandae mahali ukutani.

Tharsisi


Kasulu, 19 Julai 2013

Ndugu Tharsisi,

Picha zote sita zimeungua kwa mwanga wa tochi yako. Katika ya nne naiona saa yenyewe, inasema saa mbili na dakika arobaini na moja. Kama picha ya saa, ni nzuri.

Wakati jicho la kamera liko wazi usiwashe kitu chochote. Hesabu kichwani.

Lusajo


Kibondo, 9 Agosti 2013

Mwalimu,

Umenidhalilisha na ulikuwa na haki, lakini usiizoee.

Kuhesabu kichwani kumenishinda. Nikifika tisa nakumbuka jambo, nataka kulisema, nikilisema hesabu imepotea. Darasa la saba nililimaliza kwa kuongea, sikulimaliza kwa hesabu. Theodosia akasema ngoja. Akatoka na rozari yake, akaketi kwenye kigoda karibu na ile miti mitatu, akauliza unataka kiasi gani. Nikasema Salamu Maria moja ni kama sekunde kumi na tano. Basi yeye anasali, mimi nafungua mwanzo na kufunga kwenye Amina. Picha mbili za kwanza Salamu Maria moja moja, mbili za katikati mbili mbili, mbili za mwisho tatu tatu.

Ungetuona. Yeye haoni kamera, haoni miti, haoni mimi. Kageukia ukuta wa jirani, mkono wake begani kwangu ili ajue nilipo. Ananisalia nyota asizoziona.

Kuna jambo moja la kiufundi. Salamu Maria yake ni ya Kiha, ya taratibu, kila neno linakaa mahali pake. Yangu ni ya Kiswahili, inakimbia kama katekista mwenye njaa. Tumetumia yake. Wewe piga hesabu.

Tharsisi


Kasulu, 20 Agosti 2013

Ndugu Tharsisi,

Mimi ni Mmoraviani, sijui Salamu Maria ni sekunde ngapi kwa lugha yoyote ile. Ninachokijua ni kwamba kipande chako ni kitupu, tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna nyota hata moja, hakuna bati. Mwanga haukutosha.

Kipande cha tatu ongeza. Anza na Salamu Maria nne, nenda hadi kumi. Najua nilisema nyota zitavutika, lakini mistari kidogo ni afadhali kuliko weusi.

Lusajo


Kibondo, 8 Septemba 2013

Mwalimu,

Pokea kipande cha tatu. Sina maneno mengi, na ukiona mimi sina maneno ujue hali ni mbaya.

Watu wamechoma mapori, moshi umekaa bondeni, tumengoja siku tatu upepo uufukuze. Jirani yangu Niyibizi ametoka mara mbili kuuliza kama tunapima barabara na kama nyumba yake itabomolewa. Nikamwambia ndiyo, aanze na choo. Hakucheka. Mwenyewe sikucheka.

Nimepiga nne, tano, sita, saba, nane, kumi. Theodosia alisali mpaka akaanza kukohoa. Nilikuwa natazama juu kwa macho yangu mawili, mwalimu, nyota zipo. Zipo nyingi, zinanitazama. Sasa zinapotelea wapi kati ya hapa na Kasulu?

Sindano sasa anaitungia uzi kwa ulimi na vidole. Juzi aliisalimia ndoo.

Tharsisi


Kasulu, 17 Septemba 2013

Ndugu Tharsisi,

Kitupu tena. Hakikisha huachi kifuniko kwenye lenzi.

Lusajo


Kibondo, 6 Oktoba 2013

Shemeji Lusajo,

Ni mimi Theodosia, nimeandika herufi kubwa, naomba usinicheke. Tharsisi hajui kama nakuandikia. Amekwenda Kifura kupiga picha za kipaimara, nami nimempa Gharibu barua mkononi.

Ile barua yako ya kifuniko alinisomea kwa sauti, halafu akaitoa kamera akaitazama muda mrefu. Siku hiyo hakula. Sasa amesema mkono wake umekufa, fundi wa miaka ishirini hawezi kukosa picha kumi na nane mfululizo, na kwamba atafunga studio auze mkaa. Mzaha wake umekwisha shemeji, na nyumba yetu bila mzaha wake haina hata redio.

Nakuomba mwandikie kwamba filamu zimekwisha. Itakuwa uongo lakini atapumzika. Mimi nimeishi bila nyota miaka thelathini na nane, sijapungukiwa kitu. Kinachonisumbua ni kingine. Sasa nikimtazama usoni naona jicho lake, au naona mdomo, vyote kwa pamoja siwezi. Inabidi nichague. Nataka awe anacheka, ili nikichagua mdomo nisipate hasara.

Mke wa mwenzako,
Theodosia


Kasulu, 15 Oktoba 2013

Tharsisi, na shemeji Theodosia,

Barua hii isomeni wote wawili.

Jana mchana nilipiga picha ya uwanja wa shule, jua kali, bendera, wanafunzi mia tatu. Kamera yangu, mkono wangu, mwanga tele. Nikaisafisha kwa ile dawa. Ikatoka tupu.

Dawa imekufa. Nilipoifungua mwezi wa saba ilikuwa imegeuka rangi kama chai ya rangi, na dawa nzima inatakiwa iwe kama maji. Kipande cha kwanza kilipata mwanga wa tochi mwingi mno, kikatoka hivyohivyo. Cha pili kilipotoka tupu, nilishuku. Cha tatu kilipotoka tupu, nilijua. Nikaandika habari ya kifuniko.

Tharsisi, huko Kibondo ulikuwa unanipitisha mtaani ukiwaambia watu huyu mwalimu anajua mpaka mambo ya mwezini. Mimi nakukatalia, lakini nikirudi nyumbani nafurahi. Nilitaka uendelee kusema hivyo. Kwa ajili ya hilo nimekula miezi mitatu ya macho ya mke wako.

Picha zako kumi na mbili za vipande viwili vya mwisho huenda zilikuwa sahihi zote. Hatutajua. Mkono wako haujafa.

Nimeagiza dawa mpya Dar es Salaam, itafika mwezi ujao. Filamu imebaki kipande kimoja, picha sita. Nakituma. Baada ya hicho kopo ni tupu kweli, na huu si ule uongo shemeji alioniomba.

Lusajo


Kibondo, 3 Novemba 2013

Lusajo,

Barua yako nimeisoma mara tatu na mara zote tatu nimekutukana, kwa Kiha, maana Kiswahili hakikutosha.

Nimekesha nje na mke mgonjwa. Nimekula maneno ya Niyibizi. Nimeanza kupiga picha za watoto wa kipaimara nikidhani nao watatoka tupu. Na wewe umekaa na chai yako ya rangi unaniuliza kifuniko. Umepitia chuo kikuu, mimi darasa la saba, lakini mimi nikiharibu picha ya mtu namwambia nimeiharibu, nampiga nyingine, namtania hadi asahau.

Theodosia anasema nikusamehe. Nimemwambia nitalifikiria mvua zikiisha. Sasa hivi zinanyesha kila jioni na mbingu imezibwa. Tunangoja kile kiangazi kifupi cha Januari. Kipande nimekipata, nimekiweka kwenye kopo la Kimbo juu ya kabati. Dawa ikifika uijaribu kwanza kwa picha ya sura yako, tuone kama nayo itatoka.

Ugomvi wetu uko palepale.

Tharsisi


Kibondo, 2 Februari 2014

Mwalimu,

Kipande cha mwisho hicho, Gharibu kakiweka kifuani. Nimemwambia kikipotea asipite tena barabara hii.

Mbingu ilifunguka Alhamisi, hakuna mwezi, hakuna moshi, mvua ilikuwa imeosha kila kitu. Picha tano nimepiga kwa maelekezo yako ya mwanzo kabisa, tundu namba mbili, Salamu Maria moja kwa kila picha. Safi. Kwa hizo tano nasimama mbele ya mtu yeyote.

Ya sita imeharibika, nakwambia mapema. Nilibana pete ya lenzi hadi namba nane, mwanga upungue, nikitaka kujaribu Salamu Maria kumi. Theodosia akaanza. Alipofika ya kumi nikanyoosha mkono nifunge, akaushika. Nikamwambia mama, zimefika kumi, tutaharibu. Akasema, "Nyamaza, sijamaliza."

Akaendelea. Akamaliza Matendo ya Furaha, akaingia ya Mwanga, ya Uchungu, ya Utukufu. Rozari zote nne, mwalimu, kwa Kiha, kwa mwendo wake uleule. Ilikaribia saa moja na nusu. Kamera iko wazi, umande unaanza, mimi nimekaa chini kama mwizi aliyekamatwa. Mwanzoni nilikasirika, kipande cha mwisho jamani. Halafu nikasikia kwamba haombei nyota. Alikuwa anataja majina. La kwangu lilipita mara nyingi. La kwako lilipita mara mbili, na mara ya pili alilitaja taratibu zaidi, kwa hiyo jihesabu.

Alipomaliza akasema funga. Nikafunga.

Safisha hizo tano kwa makini. Hiyo ya sita fanya utakavyo.

Tharsisi


Kasulu, 13 Februari 2014

Ndugu Tharsisi,

Dawa mpya imefanya kazi.

Picha tano ni sahihi. Sijawahi kuona kazi safi kama hii ikitoka kwenye mikono ya mtu ninayemjua. Nyota ni nukta kali, ndogo, nyeupe, mamia kwa mamia, na chini kuna ukingo wa bati lenu. Nimezikuza zote ukubwa wa daftari kubwa. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa mia na kukuomba unifundishe.

Ya sita ni kama ulivyosema. Nyota zote zimevutika zikawa mistari mirefu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama mtu amekwaruza karatasi kwa kitana. Nilitaka kuiacha. Lakini niliogopa kukuficha kitu kingine, kwa hiyo nimeikuza pia, nimeiweka chini kabisa. Itupe ukipenda.

Niambie shemeji amesema nini. Sitalala vizuri mpaka nijue.

Lusajo


Kibondo, 23 Februari 2014

Mwalimu,

Nitakueleza kama ilivyokuwa, bila chumvi, na ujue inaniuma kuandika bila chumvi.

Bahasha ilifika saa nne asubuhi. Nikafunga studio, nikabandika karatasi mlangoni, fundi ana mgeni. Nikamketisha Theodosia uani kwenye jua, nikampa ya kwanza. Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Akaipeleka kushoto, akaipeleka kulia. Halafu akachukua pindo la kitenge akaanza kuifuta. Alikuwa anafuta vumbi, mwalimu. Nyota zangu mamia kwa mamia, anazifuta. Akasema karatasi ni nzuri, nzito.

Nikampa ya pili, ya tatu, mpaka ya tano. Mrija wake umekuwa mwembamba mno na nukta zako sahihi ni ndogo mno. Akiipata moja, anaipoteza kabla hajaipata ya pili. Kwenye ya tano akaniuliza kama pale katikati ndipo zilipo, nikasema ndiyo, akatikisa kichwa kwa adabu. Nikaenda nyuma ya choo nikapiga teke ukuta, mguu mpaka leo umevimba. Miezi minane, Lusajo. Mimi na wewe na sekunde zetu.

Niliporudi alikuwa ameipata ya sita mwenyewe, chini kabisa ndani ya bahasha. Ameilaza mapajani, kidole kiko juu yake. Kinatembea. Kilianza ukingoni kushoto, taratibu, kikafika kulia, kikarudi, kikashika mstari mwingine. Jicho linafuata kidole, maana mstari haumtoroki, ukimponyoka unamngoja palepale. Alifuata wa tatu, wa nne, wa kumi. Huenda ilipita nusu saa. Kisha akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, akafika sitini na kitu, akaacha, akaona bado karatasi ni pana.

Akainua uso, amekasirika, mwalimu, amekasirika kabisa. Akasema, "Kumbe ni nyingi hivi, na ninyi mnalala?"



Zile tano nimezitundika studio, watu wanashangaa, Niyibizi ameshazionyesha kwa wageni wake kama zake. Ya sita haitundikwi. Inakaa kwenye kiti chake, kila asubuhi jua likishika ua anaichukua. Ugomvi wetu tuuache, nimeshindwa kuubeba na huu mguu. Likizo ya Pasaka uje ule ugali, na uje na ile dawa ya chai tuimwage wote wawili.

Upo mstari mmoja chini kabisa, juu tu ya bati letu, mfupi na hafifu, mimi mwenyewe sikuuona mpaka aliponishika kidole akanipeleka. Huo ndio anakaa nao kuliko yote. Jana akaniuliza nyota hiyo inaitwaje. Sijui, sikuwahi kujua jina la nyota hata moja, hata zile nilizomgawia kwa baba yake. Nikampa jina papo hapo. Kama kwenye vitabu vyako ina jina jingine, liache humohumo.

Tharsisi